Waanzilishi wasioandikwa: toka zaar ya Cairo mpaka likembe ya Kinshasa

Ukimuuliza mtu aliyesoma, awe wa Lubumbashi, wa Bukavu ao wa Bruxelles, muziki wa elektroniki ulizaliwa wapi, jibu ni karibu moja tu: ulizaliwa Ulaya, mu studio za redio, kisha vita kuu ya pili. Atamtaja Pierre Schaeffer wa Paris, ambaye tarehe 5 Oktoba 1948 alisikilizisha watu ku redio ya Ufaransa vipande vilivyotengenezwa na sauti za treni na za masufuria. Atamtaja Stockhausen wa Köln. Kama anajua zaidi, atafika mpaka kwa Kraftwerk wa Ujerumani na vijana weusi wa Detroit. Afrika haimo. Ikiwa imo, inaingia mwishoni, sawa mgeni anayefika wakati sahani zimeshaoshwa.

Majina hayo ni ya kweli, na tarehe ni za kweli. Lakini hesabu haikutimia. Mu maandishi haya tunataka kuangalia watu wawili wa bara letu ambao hesabu iliwaacha nje kwa muda mrefu: Halim El-Dabh wa Misri, na Mawangu Mingiedi wa kwetu Kongo. Mmoja alikuwa mtu wa chuo kikuu, mwingine dereva wa kamio. Hawakufanya kazi moja. Lakini wote wawili walichukua muziki wa desturi, muziki wa kuita roho na kuamsha mwili, wakaupitisha mu umeme. Na kwa wote wawili tutaona kama umeme haukuua desturi. Uliiendeleza. Njo maana mambo haya yana nafasi mu kijitabu kinachozungumza juu ya desturi, siyo mu kitabu cha mafundi peke yake.

1. Waya wa Cairo

Halim El-Dabh alizaliwa Cairo mwaka 1921. Alisomea kilimo ku chuo kikuu cha mji ule, na muziki aliufanya pembeni. Mwaka 1944, mbele ya kumaliza masomo, aliazima mashine moja ku kituo cha redio cha Middle East Radio. Mashine ile haikutumia utepe kama wa kaseti tunazozijua. Ilishika sauti juu ya waya wa chuma, mwembamba kama unywele, unaozunguka toka gurudumu moja mpaka lingine. Sumaku inaandika sauti juu ya waya, kisha sumaku inaisoma tena. Njia hiyo ilivumbuliwa tangu 1898 na Valdemar Poulsen wa Denmark. Mashine haikuwa mpya basi. Kilichokuwa kipya ni kile ambacho Halim alifanya nayo.

Aliibeba mpaka mahali ambapo wanawake walikuwa wanafanya zaar. Msomaji wa huku kwetu hatapata shida kufahamu zaar ni nini, sababu na sisi tunajua ngoma za pepo. Mgonjwa yuko katikati, wanawake wanaimba na kupiga ngoma, wimbo unarudiwa na kurudiwa mpaka roho inayomsumbua ijionyeshe na itulizwe. Desturi hiyo iko Misri, iko Sudan, iko Ethiopia. Halim alishika sauti ile, akairudisha ku redio, na pale njo kazi yenyewe ilianza.

Aliipitisha mu chumba cha mwangwi. Alipandisha na kushusha nguvu za umeme. Alirekodi tena sauti iliyokwisha kurekodiwa, mu chumba chenye kuta za kusogezwa, ili mwangwi ubadilike kadiri anavyotaka. Na zaidi ya yote, aliondoa sauti za msingi za nyimbo, ili ile mivumo ya juu, ambayo kwa kawaida inafichwa nyuma ya sauti kubwa, ibaki peke yake. Mwaka uleule aliisikilizisha kazi hiyo mu jumba la sanaa, palepale Cairo. Ilichukua zaidi ya dakika 20. Leo tunasikia paka kipande cha kama dakika 2, ambacho kilitoka ku CD mwaka 2000 kwa jina la Wire Recorder Piece.

Kipande hicho ni kifupi, lakini kinatosha kuonyesha akili iliyokifanya. Maneno ya nyimbo hayakamatiki tena. Sauti za wanawake zinakuja na kuondoka kama zinatoka mu kisima. Mtu aliyezoea wimbo wenye kichwa na mwisho ataona kama hakuna kitu. Lakini mtu aliyewahi kusimama karibu na ngoma ya pepo kwa muda mrefu atatambua hali hiyo: kisha saa nzima ya kusikia wimbo mmoja, haufuati maneno tena. Unabaki na mvumo tu, na mvumo njo unakubeba. Kwa maoni yetu, Halim hakuiharibu zaar ili atengeneze muziki wa kisasa. Alitumia mashine kumpeleka msikilizaji pale ambapo zaar yenyewe inampeleka mgonjwa.

Hiyo ilikuwa miaka 4 mbele ya Schaeffer. Na Halim hakuwa mtu aliyejificha. Alienda Marekani mwaka 1950. Alitunga muziki wa Clytemnestra, mchezo mkubwa wa Martha Graham wa mwaka 1958. Aliingia mu studio ya elektroniki ya Columbia-Princeton, New York, na akatengeneza pale Leiyla and the Poet, ambayo ilitoka ku disiki mwaka 1964. Alifundisha Ethiopia, kisha Marekani kwa miaka mingi, mpaka kustaafu mwaka 1991. Alikufa mwaka 2017, na miaka 96. Jina lake lilijulikana, lakini kwa sababu ya kucheza darabuka na kuandikia wacheza dansi. Mu sura ya kwanza ya historia ya muziki wa elektroniki, ile inayosema nani alianza, alikuja kuwekwa kwa kuchelewa sana, na tena mara nyingi kwa mstari mmoja.

Na tuseme pia jambo lingine. Sauti zilizoko juu ya waya ule si za Halim. Ni za wanawake wa zaar. Historia ilipokuja kumkumbuka Halim, wao ilibaki kuwaita «wanawake» tu. Hata yule aliyesahauliwa anaweza kuwa na watu nyuma yake waliosahauliwa zaidi. Tukumbuke hilo, sababu tutakutana nalo tena.

2. Likembe inaingia mjini

Mawangu Mingiedi alikuwa wa Bazombo, watu wa mpaka wa Kongo na Angola. Alifika Kinshasa, akafanya kazi ya kuendesha kamio, na alikuwa fundi mkubwa wa likembe. Likembe wote tunaijua: ubao ao kisanduku chenye ndimi za chuma zinazopigwa na vidole gumba. Wengine wanaita kisanji, wengine sanza. Ni chombo cha mtu mmoja anayetembea njiani, cha jioni mbele ya nyumba. Sauti yake ni ndogo. Kijijini inatosha.

Mu Kinshasa haitoshi. Mji una magari, una baa zenye vipaza-sauti, na watu wamejaa kiwanjani. Mingiedi alitaka likembe isikike pale pale, na alitaka jambo gumu zaidi: kupiga mu mji ule muziki wa Bazombo ambao asili yake ulipigwa na kundi la pembe, zile baragumu za pembe za tembo, ambapo kila mtu anashika noti yake na noti zote zikiunganika zinakuwa wimbo. Katika miaka ya 1960 alianzisha kundi lake, na jina lake kamili lina uzito: Orchestre Folklorique T.P. Konono No. 1 de Mingiedi. T.P. maana yake «Tout Puissant», Mwenye Nguvu Zote.

Alifanya nini? Alitengeneza likembe tatu, moja ya sauti nzito, moja ya katikati, moja ya juu, ili vidole vya watu watatu vifanye kazi ya pembe nyingi. Kisha akazitilia mikro. Mikro za dukani hazikuwa kwa kila mtu, basi zilitengenezwa kwa mkono, na sumaku zilizotolewa mu vyombo vya magari yaliyokufa, pamoja na waya wa shaba. Ginsi inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Ulimi wa chuma unatikisika karibu na sumaku. Kutikisika kule kunasumbua nguvu ya sumaku, na waya wa shaba uliozungushwa pale unazaa umeme kidogo. Umeme ule unaenda ku ampli, ampli inaukuza, na spika inaugeuza kuwa sauti. Gitaa ya umeme inafanya vilevile. Hakuna siri ya Wazungu ndani. Lakini lazima mtu awaze kama ndimi za likembe ni chuma, na chuma na sumaku wanajuana. Mingiedi aliwaza.

Kuongezea pale, vyungu na vipande vya gari kwa ngoma, na vipaza-sauti vya zamani, vile watu wanaita «lance-voix», kwa waimbaji. Vyote pamoja vinatoa mlio wenye kukwaruza, wenye kuunguruma, wenye kujaza kiwanja. Kundi lilipiga ku matanga, ku sikukuu, ku ndoa. Miaka ikapita.

3. Mlio wenye kukwaruza si kosa

Hapa kuna jambo ambalo waandishi wengi wa nje wamelipita haraka. Waliposikia Konono kwa mara ya kwanza, wengi waliandika kama ule mkwaruzo ni bahati tu: vyombo vya takataka, ampli mbovu, basi sauti ikaharibika, na kwa bahati nzuri ikatoka tamu. Waliusifia umaskini. Walisema: angalieni ginsi watu wasio na kitu wanafanya maajabu na vipande vya chuma vilivyotupwa.

Sifa ya namna hiyo inamnyang'anya fundi akili yake. Angalia likembe ya kijijini, isiyo na umeme hata kidogo. Ku shina la ndimi zake, mara nyingi wazee walizungusha vipete vidogo vya chuma, ao kigae cha bati. Kwa nini? Ili kila noti iwe na mnong'ono wake, mlio kama wa nyuki. Likembe isiyolia hivyo, wazee wanaiona kama imelala. Basi ule mkwaruzo mnaousikia ku ampli ya Konono haukuja na ampli. Ulikuwako. Ampli iliukuta ndani ya nyumba na ikaukuza pamoja na mambo mengine yote. Muzungu alifundishwa kama sauti nzuri ni sauti safi; njo maana alihitaji miaka mingi, na gitaa za roki, mbele ya kupenda sauti chafu. Mzee wa likembe hakuhitaji kufundishwa.

Tusikilize wimbo kama Lufuala Ndonga wa disiki yao ya mwaka 2004. Ni mrefu. Likembe inaanza peke yake, kama inatafuta njia. Ngoma zinaingia. Kisha noti chache zinazunguka, zinazunguka, na mtu aliyekaa bila subira atasema wimbo hausogei. Unasogea: likembe nzito inabadilisha kidogo, ile ya juu inajibu, filimbi inakata, waimbaji wanarudi. Ni akili ileile ya pembe za Bazombo, na ni akili ileile ya zaar: kurudia siyo kukosa mawazo, kurudia ni dawa. Ukitaka kujua kwa nini vijana wa Ulaya waliozoea techno waliielewa Konono mara moja, bila kujua neno moja la Kikongo, jibu ni hilo.

4. Je, ile njo elektroniki kweli?

Msomaji mwenye kupenda usahihi atasimama hapa. Atasema: likembe yenye ampli ni muziki wa umeme, siyo wa elektroniki. Elektroniki ni pale mashine yenyewe inazaa sauti, kama kile chombo cha Lev Termen wa Urusi, cha karibu mwaka 1920, kinachopigwa bila kuguswa.

Swali ni zuri. Lakini kanuni ikiwekwa, iwekwe kwa wote. Schaeffer wa mwaka 1948 hakuwa na mashine ya kuzaa sauti. Alikuwa na disiki na mikro, na sauti zake zilikuwa za treni ya kweli. Kwa kanuni ile kali, baba wa hadithi nzima anatoka nje ya mlango. Hakuna anayemtoa. Wanasema, na wana haki, kama kazi yake ilikuwa kuifanya mashine iwe chombo cha muziki, siyo dirisha la kusikia muziki wa wengine. Vema. Basi tupime Halim na Mingiedi kwa kipimo hicho hicho. Kwa Halim, waya ulikuwa chombo. Kwa Mingiedi, mikro, ampli na spika ni sehemu ya likembe: ukivitoa, haubaki na wimbo uleule wenye sauti ndogo, unabaki na wimbo mwingine.

Kwa upande mwingine, na sisi tusizidishe. Kuna watu wetu ambao kwa kujivuna wanapenda kusema: «Techno yote ilitoka huku kwetu.» Hatuna haki ya kusema hivyo. Konono haikuwa imesikika Detroit katika miaka ya 1980 kiasi cha kuzaa kitu pale, na kanda ya Halim ya 1944 haikuwa mikononi mwa watu wa Paris. Kufika wa kwanza na kuzaa watoto ni mambo mawili. Mtu anaweza kuwa wa kwanza, na njia yake ikafunikwa na majani, mpaka wengine wakaifungua upya kwa upande wao. Haki tunayowadai hawa wawili siyo kuitwa baba wa kila kitu. Ni kuwekwa mahali pao, na tarehe zao.

5. Kwa nini hawakuandikwa

Sababu ya kwanza ni karatasi. Studio za Paris na Köln zilikuwa za redio za serikali. Zilikuwa na makabati, na magazeti, na watu wa kulipwa ili waandike. Schaeffer mwenyewe aliandika vitabu juu ya kazi yake na akaipa jina. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunajua mfano wa karibu yetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Katanga na mashine yake, akamkuta mu Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, kijana mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco. Alimrekodi, na Masanga ikaenda dunia nzima. Mwenda alistahili kila sifa. Lakini mu barabara zilezile za miji ya migodi walikuwako wapiga gitaa wengine ambao mikro haikupita mbele yao. Uhodari ulikuwa kwa wengi. Mashine ilipita kwa wachache.

Sababu ya pili ni jina. Na hapa tusifikiri kama ni Waafrika tu walioteswa. Uingereza, mu studio ya muziki wa elektroniki ya BBC, alikuwako Delia Derbyshire. Mwaka 1963 alitengeneza muziki wa kufungulia mfululizo wa televizioni Doctor Who. Wimbo ulitungwa na Ron Grainer ku karatasi. Delia njo aliuzalisha, sauti kwa sauti, akikata utepe na kuunganisha kwa mkono. Grainer aliposikia alitaka Delia agawane naye haki ya utunzi. Shirika lilikataa, sababu wafanyakazi wa studio ile walipaswa kubaki bila jina. Muziki ukasikika ku nyumba za mamilioni ya watu. Delia alikufa mwaka 2001. Kisha kifo chake zilikutwa mu nyumba yake kanda 267. Jina lake liliandikwa ku skrini ya mfululizo ule mwaka 2013 tu, sikukuu ya miaka 50. Hata mu nchi yenye makabati, kabati linachagua.

Sababu ya tatu inatuhusu zaidi. Ni neno «folklore». Mingiedi aliliweka ku jina la kundi lake mwenyewe, kwa kujivuna, maana lilisema: sisi tuko na mizizi. Lakini neno lile lina mlango mmoja wa kuingilia, na halina wa kutokea. Kazi ikishaitwa folklore, hakuna anayeuliza nani aliitunga, nani aliwaza, mwaka gani. Inakuwa ya kabila, ya mababu, ya zamani za kale. Bernard Treton alirekodi Konono mu Kinshasa mwaka 1978, na rekodi ile ikatoka Ufaransa mwaka 1986 ku disiki ya «muziki wa mijini». Vincent Kenis, mwanamuziki Mbelgiji, alikuwa ameisikia ku redio, na alikaa miaka karibu 20 akiitafuta, mpaka akaipata, akairekodi palepale Kinshasa. Disiki ya Congotronics ikatoka mwaka 2004.

Na angalieni yaliyofuata. Mwaka 2006 BBC Radio 3 iliipa Konono zawadi ya muziki wa dunia. Zawadi gani? Ile ya «wageni wapya», wale wanaoanza. Mingiedi alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, na kundi lilikuwa na miaka karibu 40. Zawadi ilikuwa ya heshima, na iliwafungulia njia. Lakini saa ya dunia ilianza kuhesabu siku dunia ilipofika, siyo siku kazi ilipoanza.

6. Kilichozaliwa kisha

Kisha siku ile, matunda yalionekana haraka. Mwaka 2005 ilitoka disiki ya pili ya mfululizo ule, na pale tukasikia kama Mingiedi hakuwa peke yake. Wako Basokin, wana wa Basongye walioko Kinshasa. Wako Masanka Sankayi na Kasai Allstars, watu wa Kasai wa lugha mbalimbali waliokubali kupiga pamoja, na likembe za umeme ndani. Mwaka 2007 Björk wa Iceland alitia likembe za Konono mu wimbo wake Earth Intruders. Mwaka 2010 Herbie Hancock aliwaita mu disiki yake The Imagine Project. Mwaka uleule wanamuziki wa roki na wa elektroniki wa nchi nyingi walitoa disiki mbili nzima za kujibu kazi za watu wa Congotronics. Mwaka 2016 Konono ilirekodi na Batida, mwanamuziki wa Lisbon mwenye asili ya Angola, kama vile Bazombo wa pande mbili za mpaka wanasalimiana tena. Mwaka 2017 Kasai Allstars walisikika, na wakaonekana, mu filamu Félicité ya Alain Gomis, iliyochezwa Kinshasa.

Mingiedi mwenyewe alikufa mwaka 2015, akiwa ameshamwachia mwana wake Augustin kazi. Aliona sehemu ya mavuno. Wengi wa umri wake hawakuiona.

Sasa tuulize upande wetu. Ulaya ilichelewa, ni kweli. Lakini sisi tulikuwa wapi? Konono ilikuwa inapiga mu Kinshasa miaka yote ile, na redio zetu zilikuwa na rumba tu. Rumba ni utukufu wetu, hakuna anayekana. Lakini likembe ya umeme, watu wa suti waliiona aibu. Mpaka leo mtu anaweza kusema bila haya: «Ile ni muziki ya wazee, ile ni ya ku matanga.» Na wakati huohuo, mtoto wake yuko mu chumba, na kompyuta, anatafuta sauti yenye kukwaruza na noti chache zinazozunguka, na anaziita za kisasa sababu zilitoka ku intaneti. Baba anaona desturi imekufa. Mtoto anaona desturi haimhusu. Wote wawili hawajui kama wanasikiliza nyumba moja.

7. Kazi iliyo mbele yetu

Kuna watu wanaofikiri kama kulinda desturi ni kuilinda na umeme. Wanataka likembe ibaki bila waya, ngoma ibaki bila mikro, ili vitu vibaki «safi». Mfano wa hawa wawili unawajibu. Mingiedi alitia likembe umeme ili pembe za Bazombo zisinyamaze mu mji wa kelele. Angeiacha safi, ingekufa safi. Desturi ni kazi ambayo muziki unafanya kwa watu: kuamsha, kuponya, kusindikiza marehemu. Chombo kinaweza kubadilika, kazi ikabaki. Na chombo kinaweza kubaki vilevile mu kabati la makumbusho, kazi ikawa imekwisha.

Basi tunapendekeza jambo dogo, lisilohitaji pesa nyingi. Leo simu iko mu mfuko wa karibu kila mtu, na inarekodi vizuri kupita mashine ile ya waya. Tunarekodi sana: ku ndoa, ku matanga, ku sikukuu za kijiji. Lakini tunarekodi kama wale wa zamani, bila majina. Kila mara unaporekodi mzee anayepiga kisanji, ngoma ao zeze, sema mbele ya simu, kwa sauti, ili ibaki ndani ya rekodi yenyewe: nani anapiga, nani alitengeneza chombo, wimbo unaitwaje na unapigwa kwa shughuli gani, mahali gani na tarehe gani. Na kama chombo kina mikro ya kutengenezwa, uliza nani alizungusha waya wa shaba, na alijifunza kwa nani. Na kabla ya kuondoka, omba ruhusa ya mzee, na umwachie nakala. Jina likiandikwa, hata haki ya mtunzi inapata mahali pa kushikilia. Bila jina, hakuna wa kulipwa na hakuna wa kushukuriwa.

Halim El-Dabh aliacha waya wenye sauti, lakini bila majina ya wanawake wale. Mingiedi aliacha jina, sababu aliliandika mwenyewe ku kundi lake, kwa herufi kubwa. Mafundi waliomsaidia kukata sumaku na kuzungusha shaba, nani atawaorodhesha? Wengine pengine wangali hai, mu Kinshasa, mu Mbuji-Mayi, mu Kamina, mu Kindu. Wana miaka 70, wana miaka 80. Tuanze na hao.